Wimbo Uleule: Chanzo cha Marudio Redioni na Hatima ya Nyimbo za Kiswahili cha Katanga

1. Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazopingana. Moja husema kwamba ya kale ni dhahabu. Nyingine husema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hizo hukutana kila jioni kando ya redio katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Baba hulalamika kwamba vituo vinapiga kelele za vijana tu, tena wimbo uleule asubuhi, mchana na usiku. Mtoto naye hujibu kwamba sikukuu ikifika redio haina jingine ila nyimbo za babu, nazo ni zilezile za mwaka jana. Wote wawili hudhani kwamba wanabishana juu ya uzuri wa muziki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba malalamiko hayo mawili kwa kweli ni moja. Kinachowachosha baba na mtoto ni ufupi wa orodha ya nyimbo, wala si umri wa nyimbo zenyewe. Jambo hili linaihusu pia taaluma ya Kiswahili, kwa sababu orodha inapofupishwa, nyimbo za kwanza kuachwa ni zile zisizo na mtu wa kuzitetea. Na katika Katanga miongoni mwa hizo zimo nyimbo zilizorekodiwa katika Kiswahili cha mjini tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Itaelezwa kwanza jinsi marudio yanavyopatikana, kisha sababu za sikio kuyakubali na kuyachoka, na mwishoni hasara inayoipata lugha pamoja na njia za kuipunguza.

2. Hesabu ya marudio

Marudio ni jambo la hesabu kabla ya kuwa jambo la ladha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kituo kinapiga muziki kwa saa kumi kila siku, na kila saa ina nafasi ya nyimbo kumi na mbili. Hizo ni nafasi 120 kwa siku. Ikiwa orodha ya kituo ina nyimbo 40, kila wimbo utasikika mara tatu kwa siku, yaani mara 90 katika mwezi wa siku 30. Ikiwa orodha ina nyimbo 1200, kila wimbo utasikika mara moja katika siku kumi. Saa za muziki ni zilezile na mitambo ni ileile; kilichobadilika ni urefu wa orodha peke yake.

Urefu wa wimbo nao una sehemu yake. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotumiwa katika Kongo hadi miaka ya 1950, zilichukua karibu dakika tatu kwa kila upande. Mwanamuziki alilazimika kusema neno lake na kunyamaza. Zilipokuja santuri ndefu, kisha kanda na diski, wimbo wa Kikongo ulirefuka, hasa baada ya vijana wa Zaïko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Desemba 1969, kuipa sebene, yaani sehemu ya gitaa na dansi, nafasi kubwa zaidi. Saa moja yenye dakika 45 za muziki huweza kubeba nyimbo kumi na tano za dakika tatu, lakini nyimbo tano tu za dakika tisa. Hivyo wimbo mrefu hupunguza nafasi ya wenzake hata kama mtangazaji hana upendeleo wowote. Na mtangazaji akitaka kuukata, hukata mwisho wake, ambao mara nyingi ndio sehemu inayosubiriwa na wachezaji.

3. Chanzo cha desturi

Desturi ya kuchagua nyimbo chache na kuzirudia kwa makusudi ilipata umbo lake huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Todd Storz, mwenye kituo cha KOWH katika mji wa Omaha. Husimuliwa kwamba yeye na msaidizi wake walikaa katika baa wakiwatazama wateja wakitia sarafu katika sanduku la santuri na kuchagua nyimbo chache zilezile. Na baa ilipokaribia kufungwa, mhudumu, aliyekuwa amezisikia siku nzima, alitia sarafu yake mwenyewe na kuchagua wimbo uleule tena. Kama kisa hicho kilitukia hivyo hasa au kilipambwa baadaye, mafundisho yaliyotolewa humo yalienea: msikilizaji hapendi kushangazwa, hupenda kukikuta akijuacho. Kuanzia mwaka 1979 programu za kompyuta zilikuja kuratibu mizunguko hiyo, zikipanga wimbo gani urudi baada ya saa ngapi.

Nyuma ya mafundisho hayo kulikuwa na biashara. Kituo huuza matangazo, na bei ya tangazo hufuata idadi ya wasikilizaji. Anayefungua redio kwa dakika kumi, akiwa kazini au njiani, akikuta wimbo asioujua huenda akahamia kwingine. Basi kila wimbo mgeni huonekana kuwa hatari, na kila wimbo uliozoeleka huonekana kuwa salama. Palipo na biashara huja pia hongo: mwaka 1959 na 1960 Bunge la Marekani lilichunguza malipo ya siri waliyopewa watangazaji ili wapige santuri fulani, na sheria ya mwaka 1960 ikayapiga marufuku.

Kongo ilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Radio Congo Belge ilianza kusikika mwaka 1940, na baada ya uhuru utangazaji ulibaki mikononi mwa Serikali. Katika enzi ya Zaire, redio ya taifa ilikuwa moja, na sehemu ya marudio yake ilikuwa ya amri: nyimbo za kumsifu kiongozi na chama chake zilisikika apende msikilizaji asipende. Mlango ulianza kufunguka baada ya tangazo la mfumo wa vyama vingi la tarehe 24 Aprili 1990, na sheria ya tarehe 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa habari ikaweka kanuni za vyombo visivyo vya Serikali. Tangu hapo vituo vya watu binafsi, vya makanisa na vya jamii vimeongezeka sana mijini na vijijini.

Ingetazamiwa kwamba wingi wa vituo ungeleta wingi wa nyimbo. Haikuwa hivyo kila mara, na sababu zake si za siri. Kituo kidogo hakina fedha za kununua muziki wala mtu wa kutunza maktaba. Hupiga kile ambacho mtangazaji amekuja nacho mfukoni. Nyimbo hupita kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kosa la jina lililoandikwa katika kituo cha kwanza hurithiwa na cha tano. Matabishi nayo yamo: mtangazaji asiyelipwa mshahara wa kutosha hapati nguvu ya kumkatalia mwanamuziki au msimamizi wake anayekuja na wimbo mkononi na bahasha chini yake. Na hata kile kipindi kinachoonekana kuwa cha wananchi wenyewe, yaani kipindi cha salamu na nyimbo zilizoombwa, hakiuvunji mzunguko. Msikilizaji huomba wimbo aliousikia. Aliusikia kwa sababu ulipigwa. Nao utapigwa tena kwa sababu ameuomba.

4. Sikio, mazoea na umri

Je, Storz alikosea kuhusu sikio la binadamu? Hakukosea kabisa. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu zaidi kadiri wanavyokutana nacho, hata kama hawana sababu nyingine ya kukipenda. Wimbo unaosikika mara ya kwanza huwa kama mgeni mlangoni. Ukisikika mara ya tano unakaribishwa ndani. Lakini mgeni hapewi kiti siku zote. Wataalamu waliofuata walieleza kwamba mapenzi hayo hupanda, hufika kilele, kisha hushuka na kugeuka uchovu. Mzunguko wa redio hutumia nusu ya kwanza ya njia hiyo na kuisahau nusu ya pili.

Umri nao una sheria yake. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu wa umri mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma tangu miaka ya 1930 hadi ya 1980. Waligundua kwamba kwa wastani mtu huzipenda zaidi nyimbo zilizovuma alipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Utafiti huo ulifanywa mbali na Katanga, lakini mzee wa Kenia au wa Kamalondo atajitambua humo. Anapoulilia muziki wa kale huulilia pia mshahara wake wa kwanza, ukumbi alimocheza na marafiki waliokwisha kufa. Kilio hicho ni cha haki, ila hakithibitishi kwamba wanamuziki wa leo hawajui kazi.

Pana pia chekeche ya wakati. Nyimbo dhaifu za mwaka 1955 zilikuwapo, tena nyingi. Zimesahauliwa, na zilizobaki ni zile zilizostahimili. Nyimbo za mwaka huu bado hazijachekechwa. Anayelinganisha nyimbo kumi bora za miaka thelathini na nyimbo zote za juma hili analinganisha mchele uliopetwa na mpunga uliotoka shambani.

5. Kale iliyopunguzwa

Hapa ndipo hoja kuu ya makala haya inapokaa. Baba anayedai nyimbo za kale hupewa kale, lakini ni kale iliyopunguzwa. Kila tarehe 30 Juni husikika “Indépendance Cha Cha” ya African Jazz ya Joseph Kabasele, wimbo uliotungwa Brussels mnamo Januari 1960 wakati wa mkutano wa meza duari. Ni wimbo unaostahili heshima yake. Hata hivyo African Jazz ilirekodi nyimbo nyingine nyingi, na OK Jazz ya Franco, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 1989, iliacha hazina kubwa kupita uwezo wa kusikilizwa kwa juma zima. Kwa msikilizaji wa kawaida hazina hizo zimekuwa nyimbo kumi au kumi na tano. Rumba ya Kongo ilipoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu, Desemba 2021, sherehe zilifanywa kwa nyimbo zilezile ambazo kila mtu alikwisha kuzijua.

Ikiwa Kinshasa yenyewe imepunguzwa hivyo, hali ya Katanga ni ngumu zaidi. Miji ya shaba ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini ambayo ni Zambia ya leo, na vijiji vya Katanga yenyewe. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kambini, sokoni na katika baa. Katika mazingira hayo walitokea wapiga gitaa waliosimulia maisha ya mji, kila mmoja kwa sauti yake na gitaa lisilo na umeme. Aliyejulikana zaidi ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika ya Kusini, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi, na wimbo wake “Masanga” ukavuka mipaka. Yeye na Edouard Masengo walifika Nairobi, na mtindo wao wa kuchezesha vidole ukaigwa na wapiga gitaa wa Kenya. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Lubumbashi kuwatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo ili ajifunze kwao, akaandika kitabu juu ya safari hiyo kilichotolewa mwaka 1982. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Kwa mwanaisimu, santuri hizo zina thamani isiyopatikana kwa urahisi mahali pengine. Kiswahili kilichoandikwa katika Katanga wakati huo kilikuwa hasa kile cha misheni, cha shule na cha kampuni. Kiswahili kilichosemwa na wafanyakazi wenyewe, chenye “bantu” pahali pa “watu”, “byote” pahali pa “vyote”, chenye “njo” ya kusisitiza na “paka” ya maana ya “tu”, kiliandikwa mara chache. Maandishi ya André Yav ya mwaka 1965 juu ya historia ya Elisabethville, yaliyochapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, ni mojawapo ya vielelezo hivyo adimu. Santuri ni kielelezo cha namna hiyohiyo, tena yenye sauti: humo husikika matamshi, kiimbo, kuchanganya lugha, mizaha na majina ya vitu vya nyumbani, na mara nyingi mwaka wake unajulikana. Kila wimbo unaoachwa kusikika ni shahidi anayeondolewa barazani.

Mashahidi hao hawapo karibu. Sehemu kubwa ya rekodi za Tracey imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika ya Kusini. Hivyo huenda mwanafunzi wa Makhanda akaisikia Jadotville ya mwaka 1952 kwa urahisi zaidi kuliko mwanafunzi wa Likasi.

6. Upya uliopunguzwa

Mtoto naye ana haki ya kulalamika. Upya anaopewa redioni ni sehemu ndogo ya upya uliopo. Katika muziki wa Kinshasa imeenea desturi ya libanga. Neno hilo la Kilingala lina maana ya jiwe. Kurusha libanga ni kulitaja jina la mtu katika wimbo, mara nyingi kwa malipo. Desturi ya kumsifu mfadhili ni ya kale katika Afrika, wala haipaswi kudharauliwa. Lakini majina yanapozidi, masimulizi hupungua. Mahali palipokuwa na kisa cha mume, mke na mwenye nyumba, pamebaki orodha ya wafanyabiashara. Wimbo wa namna hiyo ukirudiwa mara tatu kwa siku, redio hugeuka daftari la madeni.

Wakati huohuo vijana wanaotunga kwa Kiswahili wapo. Katika Goma na Bukavu rap ya Kiswahili imeota mizizi. Innoss’B wa Goma, anayeimba kwa Kilingala na Kiswahili, alivuma mwaka 2019 kwa wimbo “Yope”, uliofuatwa na toleo lake pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Katika Lubumbashi muziki wa karindula, wenye banjo kubwa ya kutengenezwa mitaani, haukuhitaji ruhusa ya studio ili uchezwe. Lakini wimbo mmoja ukivuma, redio huushika huo mmoja, na wenzake mia husubiri nje. Kwa hiyo mjukuu wa Mwenda, ikiwa anatunga leo mtaani Katuba, yumo katika hali moja na babu yake: yeye hajaingia katika orodha, na babu amekwisha kutolewa.

7. Njia za kupunguza hasara

Redio haiwezi kuacha kurudia. Marudio kidogo ni haki ya msikilizaji, na kituo kisichorudia chochote kitabaki peke yake. Hata hivyo yapo mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kanuni ya saa: katika kila saa ya muziki uwepo wimbo mmoja ambao haukusikika kituoni katika siku thelathini zilizopita. Katika mfano wa saa kumi kwa siku, kanuni hiyo huleta nyimbo 300 kwa mwezi bila kugusa nafasi nyingine 110 za kila siku.

La pili ni kuuweka wimbo mgeni katikati ya nyimbo mbili zinazojulikana. Kwa kuwa sikio hupenda kilichozoeleka, msikilizaji atavuka daraja hilo bila kuhama, na mara ya tatu mgeni atakuwa mwenyeji.

La tatu ni kutaja. Mtangazaji aseme jina la mtunzi, mwaka, mji na lugha ya wimbo, na aeleze neno moja gumu lililomo. Dakika moja ya maelezo hayo ni somo la Kiswahili ambalo hakuna anayelilipia karo.

La nne linaihusu idara ya lugha yenyewe. Wanafunzi wanaotafuta mada za kazi zao waandike na kunakili nyimbo zilizomo katika masanduku ya familia, pamoja na maelezo ya wenye santuri. Santuri za mizunguko 78 huvunjika, kanda huliwa na unyevu, na wazee wanaoweza kueleza mzaha wa mwaka 1955 ulimlenga nani wanapungua. Nakala moja ibaki chuoni na nyingine ipewe kituo cha redio, ili kazi ya maktaba isiishie kabatini.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba marudio redioni hutokana na hesabu, biashara, umaskini wa maktaba na mazoea ya sikio, na kwamba ugomvi wa kale na kipya hufunika tatizo lenyewe. Baba na mtoto wakiacha kushindana, wanaweza kudai kitu kimoja kutoka kwa mtangazaji mmoja: orodha ndefu zaidi. Siku ambapo baba atausikia kwa mara ya kwanza wimbo wa mwaka 1954, na mtoto atausikia kwa mara ya kwanza wimbo wa jirani yake, methali zile mbili zitakuwa zimepatana. Maana wimbo wa kale usiopata kusikika ni mpya kwa anayeusikia.